Kofia ya Bwana Pender

"Jina?"

"Hugh Pender."

"Kazi?"

"Nimestaafu. Nilikuwa mpima ardhi wa serikali."

"Makazi?"

"Masaka, Uganda."

Jibu la tatu lilitoka haraka kuliko yale mawili ya kwanza. Inspekta Msaidizi Nathanieli Buberwa aliliandika kama lilivyotolewa, akakausha wino, kisha akamtazama mzee wa Kizungu aliyeketi mbele yake katika kituo cha polisi cha Bukoba. Alikuwa mrefu na mwembamba, uso umeiva kwa jua la miaka mingi, na kichwani amevaa kofia pana ya kaki iliyomshuka hadi masikioni. Kiswahili chake kilikuwa safi. Alipojisahau kidogo tu, Kihaya kilimponyoka.

"Jumapili ile ya moto, Bwana, ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema, Masaka. Gari langu lilivuka mpaka wa Mutukula siku ya Ijumaa. Waulizeni watu wa forodha."

"Tumewauliza. Wanasema kweli gari lilivuka."

"Basi."

"Suryakant Mehta anasema mchana wa Jumapili hiyo alikuwa nawe Muleba, pale getini kwako. Anasema alikuletea kitambaa cha bafta."

"Ningekuwa yeye, Inspekta, nami ningesema lolote."

"Kwa hiyo hukumwona."

Pender aligeukia dirishani. Nje mvua ilikuwa imekatika na ziwa limetulia, rangi ya bati.

"Sikuwa Muleba," alisema. "Muleba mimi ni mgeni tu. Napita, nalala siku mbili tatu, naondoka. Ofisi ya kodi inalijua hilo."

Hapo sasa ndipo penye fundo lenyewe, na Buberwa alilijua. Mwaka huo wa 1948 kodi ya mapato ilikuwa bado inawachanganya watu vichwa. Ukihesabiwa mkazi wa Tanganyika, ulitakiwa kutoa kodi hata kwa fedha ulizochuma nje na kuziingiza nchini. Mpita njia hakuguswa. Basi hakuna mgeni wa Bukoba ambaye hakuwa na lake la kusema pale mbele ya meza ya ofisa wa kodi, awe Mgiriki wa mashamba ya kahawa au Mhindi mwenye ndugu Kampala. Bwana Pender alikuwa na nyumba za kupangisha kwao Uingereza, akasema kwa upole kwamba yeye anaishi Uganda. Suryakant alikuwa na sehemu yake katika kinu cha pamba huko Jinja, naye upole hakuzaliwa nao. Wiki moja kabla ya moto aliipiga meza ya ofisa kwa kiganja akapayuka watu wote wakisikia, "Ofisi hii ingeungua, watu wangepumzika!"

Ikaungua. Iliungua mchana kweupe, Jumapili, mji ukiwa makanisani na majumbani, na ndani alikuwamo mzee Yunus, mlinzi, amejilaza chumba cha nyuma kwa sababu ya homa. Nyuma ya jengo pakaokotwa debe la mafuta ya taa lenye alama nyekundu ya duka la Suryakant. Jumatatu asubuhi Suryakant alikuwa ndani, na kosa lake likaitwa mauaji. Kwa kosa hilo hapakuwa na faini. Palikuwa na kamba.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa Hemlata, mke wa Suryakant, na kikapu cha chakula cha mumewe mkononi. Alipomwona Pender alikiweka kikapu sakafuni.

"Bwana Pender," alisema huku analia, "mume wangu alifungua duka Jumapili kwa ajili yako. Mimi mwenyewe nilishika kitambaa, yeye akakata. Kwa nini husemi? Nimekukosea nini? Watoto wangu wamekukosea nini?"

Pender alisimama. Aligusa ukingo wa kofia yake kwa vidole viwili.

"Pole sana, Mama," alisema. Akamwomba Buberwa ruhusa, akatoka, na kofia yake kichwani vile vile.

Buberwa alibaki ameifumbata kalamu kiganjani. Alikuwa amefanya kazi na Waingereza tangu alipokuwa karani, na mila zao alizijua kama anavyojua za kwao Kahororo. Mwingereza huvua kofia akiingia ndani ya nyumba. Huvua mbele ya maiti, huvua mbele ya bendera, na mbele ya mwanamke huvua hata kama yuko taabani. Aliwahi kumwona mchimba madini mmoja, malaria imemlaza chali, akiomba apewe kofia yake sista wa hospitali alipoingia, ili aivue. Sasa huyu, mtu mstaarabu hivi, amekaa ndani muda wote huo na kofia kichwani, na mbele ya mama wa watu anayelia ameigusa tu!

"Labda ana upara," alisema Bwana Ross, mrakibu, Buberwa alipompelekea habari hiyo.

"Wenye upara huvua pia, Bwana."

Ross alicheka kidogo, kisha uso wake ukarudi kuwa wa kazi. "Buberwa, sikiliza. Mzungu asiye na doa anasema hakuwapo. Mhindi mwenye hasira anasema walikuwa pamoja. Mahakama itamsadiki nani?"

"Mtu anayetunga uongo, Bwana, hutaja shahidi aliyekwisha kupatana naye. Suryakant amemtaja mtu anayemkana tangu siku ya kwanza, na mpaka leo hajabadilisha. Na lile debe, nusu ya mji huu wanatekea maji kwa madebe ya duka lake."

"Meli ya Mwanza inaondoka Ijumaa asubuhi. Mtuhumiwa atakuwamo." Ross aliwasha kiko chake. "Kesho ni Alhamisi. Ni yako."

Suryakant alikuwa amekaa kwenye mkeka katika mahabusu, ndevu zimeota, chakula cha mkewe hakijaguswa. Ile jeuri yake yote ilikuwa imemwishia. Buberwa alichuchumaa mbele yake.

"Nieleze tena. Polepole."

"Bwana Inspekta, nimeeleza mpaka nimechoka. Dereva wa lori la kahawa alinigongea mlango asubuhi. Akasema Bwana Pender anataka bafta nyeupe, nzuri, leo leo, kuna msiba. Nikamwambia Hemlata tukate. Nikaipeleka mwenyewe kwa pikapu."

"Pender ana gari. Mbona hakuja mwenyewe?"

"Hata mimi nilimuuliza! Akasema gari halipo, dereva wake ameondoka nalo tangu Ijumaa."

Buberwa aliinua macho. Neno hilo Suryakant hakuwa amelisema mwanzo. Forodha waliona gari likivuka, na kila mtu, pamoja na yeye Buberwa, alidhani ndani yake alikuwamo Mzungu ambaye forodha hawakumtaja.

"Endelea."

"Aliipokea kwa mikono miwili, namna hii, unavyopokea mtoto mchanga. Hakulipa, nami sikudai. Msiba ni msiba. Na alikuwa analia, Bwana Inspekta. Mzungu mzima analia getini. Sikujua nitazame wapi."

"Msiba wa nani?"

"Hakusema." Suryakant aliushika mkono wa Buberwa. "Mimi mdomo wangu mchafu, najua. Lakini mzee Yunus nilikuwa nampa tumbaku kila Idi. Ningemchoma Yunus mimi?"

 Buberwa aliutoa mkono wake taratibu, akasimama.

Alhamisi jua likipanda alikuwa Muleba. Nyumba ya Pender ilijificha ndani ya migomba, ya matofali, na veranda yake ikitazama bonde. Gari lilikuwa uani, na dereva wake, Philbert, alikuwa analiosha.

"Bwana hayupo," alisema Philbert kabla hata ya salamu. "Yuko Uganda."

"Uganda? Jana nilikuwa naye Bukoba."

Philbert alikamua kitambaa chake kwa bidii.

"Ijumaa ile ulivuka Mutukula na nani?"

"Na Bwana."

"Amekaa wapi?"

"Nyuma."

"Jana alikuja kituoni amekaa mbele, karibu nawe. Nimewaona mkifika, mnazungumza kama mtu na jirani yake. Huko Uganda ndiko anakokaa nyuma?"

"Afande, mimi naendeshwa na amri."

"Na amri ni kwamba gari livuke kila mwezi, lionekane, lirudi. Si ndiyo?"

 Philbert alirudi kuosha taa iliyokwisha kung'aa. Buberwa hakumbana zaidi. Dereva anayekula mkate wa mtu hawezi kumshinda mtu huyo mahakamani, na siku ilikuwa inakwenda. Alichohitaji ni kaburi. Kama kulikuwa na bafta, kulikuwa na maiti, na kama kulikuwa na maiti siku ile, kuna udongo mpya mahali fulani.

Hakwenda mbali. Kibanja cha pili tu, shamba la migomba la jirani, na kwa kweli hakikuwa cha pili, kwa kuwa hapakuwa na mpaka kati yake na uwanja wa Pender. Migomba ilitoka huku ikaingia kule bila mti wa mpaka hata mmoja. Buberwa alilitia hilo kichwani. Katika migomba ile palikuwa na kaburi bichi, na mbele yake nyumba ya msonge ya zamani, nyasi zake zimefika chini. Mlangoni walikaa wanaume wachache wenye umri mkubwa, kimya, na nywele za vichwa vyao vyote zilikuwa zimeanza tu kuchomoza baada ya wembe.

"Waitu, poleni na msiba," alisema Buberwa kwa adabu ya Kihaya.

Walimkaribisha. Ndani sakafu ilitandikwa nyasi mbichi, akavua viatu. Mjane aliitwa Anatolia. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kaniki, na macho yake yalikuwa makavu kwa kulia.

"Bwana yuko Uganda," alisema.

"Mae, mama yangu, sijakuuliza bado."

Anatolia aliinamisha uso. Mmoja wa wazee pale mlangoni alikohoa.

"Marehemu aliitwa nani?"

"Ildefons. Alianguka Jumamosi akipalilia. Jumapili tukamzika."

"Mlimvika nini?"

"Bafta." Uso ulimlainika. "Nyeupe, nzuri. Ildefons hakuwahi kuvaa nguo kama ile akiwa hai. Alizaliwa katika nguo za magome ya mti, akazikwa kama mfalme."

"Nani aliileta?"

Anatolia alinyosha mkunjo wa kaniki yake.

"Nani alimfunika?"

Anatolia aliwatupia jicho wazee wa mlangoni.

"Basi nikuulize la mila, Mae, hilo si siri. Siku ya kuondoa msiba, walionyolewa ni akina nani?"

"Watoto wake," alisema Anatolia. "Na ndugu zake."

"Ndugu wote?"

"Wote. Ndugu asiponyolewa ni ndugu gani?"

Buberwa alitaka kuuliza swali jingine, akaacha. Aliviangalia vile vichwa mlangoni, vilivyoota nywele fupi fupi. Akaiona ile kofia pana ya kaki, imeshushwa hadi masikioni. Lo! Na yeye na Bwana Ross walikuwa wamezungumza habari za upara.

Alimkumbuka babu yake kule Kahororo, mtu wa zamani, aliyekuwa amefanya omukago na mvuvi mmoja wa visiwani. Watu wawili wanapopendana kupita urafiki, huketi kwenye mkeka, kila mmoja huchanjwa tumboni karibu na kitovu. Huchukuliwa tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake punje ni mbili zimelaliana. Kila mmoja huichovya punje yake katika damu yake, kisha wanabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo ni ndugu. Wachungaji wa Kilutheri walilipiga vita jambo hilo, na baba yake Buberwa alilikana mbele ya madhabahu, lakini babu hakulikana. Mvuvi yule alipofariki, babu alinyolewa. Na mvuvi yule alipokuwa hai, hakuna alichowahi kuomba katika nyumba yao akanyimwa, kwa sababu anayemnyima ndugu wa omukago, au mke wake, au watoto wake, amevunja kiapo chake mwenyewe.

"Mae," alisema Buberwa kwa sauti ya chini, "Ildefons alikuwa na omukago na Bwana Pender."

 Anatolia alivuta kikapu kidogo kilichokuwa ukutani, akakifunua, akamnyoshea kahawa ya kutafuna. Ilikuwa ndiyo heshima ya kwanza ya mgeni, na mpaka hapo alikuwa amemnyima. Buberwa alichukua tunda moja, akalitia mdomoni.

"Bwana alikuwa kijana mgonjwa na mnyororo wake wa kupimia," Anatolia alisema. "Alikuwa anakojoa damu, wenzake wamemkimbia. Ildefons alimbeba mgongoni kutoka Ngenge mpaka hapa. Alipopona wakagawana kahawa. Padri alikasirika, Wazungu wenzake walikasirika, wao hawakujali. Ildefons akampa sehemu ya kibanja hiki ajenge. Hajaondoka tangu wakati huo."

"Na Uganda?"

"Alituomba jambo moja tu katika maisha yake yote. Akija mtu mwenye karatasi za serikali, tuseme yuko Uganda. Sababu hatukumuuliza. Ndugu akiomba, utamuuliza sababu?"

"Na kuhusu yule Mhindi?"

"Mhindi gani?"

Hapo Buberwa alitambua kwamba hawa hawakujua. Hakuna mtu pale aliyekuwa amemficha Suryakant, kwa sababu hakuna aliyemwona. Bafta ilipokelewa getini, watu wako msibani, na mpokeaji akaileta mikononi mwake bila kueleza.

"Yule aliyefungua duka lake Jumapili akaileta ile bafta. Wakati anaikabidhi kwa Bwana Pender, ofisi moja iliungua Bukoba na mtu akafia ndani. Sasa amefungwa yeye. Kesho asubuhi anapandishwa meli kwenda Mwanza, na wakimwona ana hatia watamnyonga, Mae. Ana mke, ana watoto. Mtu mmoja tu duniani anaweza kusema alikuwa wapi saa ile."

Anatolia aliinua uso. 

"Mulamu analijua hilo?" Mulamu ni shemeji, na alilitamka neno lenyewe kana kwamba linamuunguza.

"Analijua. Nilimuuliza jana."

"Akasema?"

"Akasema hakuwapo hapa. Akiungama kwamba alikuwapo siku ile, wataanza kumuuliza na siku nyingine. Watajua anaishi hapa, na kodi ya miaka yote itamwangukia, pamoja na adhabu ya kudanganya."

"Kwa hiyo amesema hakumzika Ildefons."

"Hakusema hivyo, Mae."

"Ndivyo alivyosema!" Alisimama ghafla. Wazee mlangoni waligeuka. "Kama hakuwapo, nani alimlaza mume wangu kaburini? Nani alilia hapa mpaka nikamnyamazisha mimi mjane? Ningoje."

Aliingia nyuma ya kiambaza. Alipotoka alikuwa amevaa shuka safi, na kile kikapu cha kahawa kilikuwa mkononi mwake.

Walimkuta Pender kwenye veranda. Alikuwa ameketi peke yake, chai imepoa mezani, kofia kichwani. Alipomwona Buberwa alikunja uso, lakini alipomwona aliyekuwa nyuma yake aliinuka haraka.

Mwanamke wa Kihaya akimsalimu shemeji yake hupiga magoti. Anatolia hakupiga. Alisimama wima mbele ya ngazi, akafunua kikapu, akachagua tunda moja la kahawa, akalipasua kwa meno. Punje moja aliiacha mdomoni mwake. Ya pili aliiweka kiganjani, akamnyoshea.

"Mulamu, hii ni ya Ildefons."

Pender alikiangalia kiganja kile. Alielewa. Buberwa alisimama pembeni, daftari lake limefungwa.

"Anatolia, hujui unaloniomba," alisema kwa Kihaya. "Watachukua kila nilicho nacho. Pengine watanifunga. Nimezeeka. Wakinirudisha kule Uingereza, sina mtu. Wote waliokuwa wangu wamekufa kule, na hapa alikuwa mmoja."

"Sijakuomba bado. Pokea kwanza."

"Nilidhani watamwachia wenyewe," Pender alisema, safari hii akimgeukia Buberwa, kama mtu anayejitetea kwa mtu asiyemshtaki. "Kila siku nilijiambia, kesho watampata aliyefanya. Sikutaka mtu afe."

Buberwa alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamwonea huruma, na vyote viwili vilimkaa kifuani asijue kipi akitoe. "Meli ni kesho, Bwana," alisema tu.

Mkono wa Anatolia ulikuwa bado umenyoshwa.  Asiyepokea kahawa hiyo amesema hakukuwa na mkeka, hakukuwa na damu, na aliyelala pale migombani alikuwa jirani tu. Pender alilijua hilo kuliko Mzungu yeyote aliyepata kukanyaga Muleba. Alishuka ngazi mpaka akasimama chini, usawa mmoja naye.

Kisha akavua kofia.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Nywele nyeupe ndizo kwanza zinaanza kuota, na ngozi iliyokuwa haijaona jua kwa miaka ilikuwa imepauka na kuchubuliwa hapa na pale kwa wembe wa mtu aliyenyoa huku analia. Aliiacha kofia ianguke kwenye majani, akaipokea punje kwa mikono miwili, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha.

"Sasa omba," alisema.

"Aliyemvika ndugu yako, usimwache anyongwe."

"Nimesikia."

Hapo ndipo Anatolia alipopiga magoti na kumsalimu, na Pender akamwitikia, na Buberwa akatazama kando mpaka walipomaliza. Kisha alikaa kwenye ngazi, akafungua daftari juu ya goti lake, akaanza upya kama kazi inavyodai.

"Jina?"

"Hugh Pender."

"Kazi?"

"Mpima ardhi. Nimestaafu."

"Makazi?"

Mzee aliigeukia migomba, upande wa ule udongo mwekundu.

"Hapa," alisema. "Muleba, kwa Ildefons. Andika hivyo hivyo."

Buberwa aliandika hivyo hivyo. Akaandika habari za dereva wa lori, na za gari lililovuka tupu, na ya kwamba Suryakant alifika getini wakati ng'ombe wanarudishwa kivulini, akaondoka baada ya kunywa maji. Aliisoma yote kwa sauti, Pender akatia sahihi, na safari ya kurudi Bukoba dereva wa polisi aliendesha kama mwendawazimu.

Ijumaa meli ilipiga honi ikaondoka, na Suryakant hakuwamo. Bwana Ross alikuwa ameisoma ile taarifa mara mbili bila kuwasha kiko, akampigia simu hakimu, na saa za asubuhi mahabusu ikafunguliwa. Suryakant alitoka akiwa hana kelele hata kidogo. Alimshika Buberwa mkono kwa mikono yake yote miwili. Bado alikuwapo mtu mmoja Bukoba aliyejua nani alilibeba lile debe, na damu ya mzee Yunus ilikuwa haijapata wa kujibu, na Buberwa alijua kwamba jioni ile ile ataanza tena kugonga milango ya mtaa wa Nshambya. Lakini kwa saa hiyo alitaka tu kuwasindikiza Suryakant na mkewe mpaka barabarani.

Njia ilipita mbele ya chumba ambacho ofisi ya kodi ilikuwa imehamia baada ya moto. Nje palikuwa na benchi la wanaosubiri, na kwenye benchi, kati ya Mgiriki mmoja na mwenye duka mmoja, aliketi Bwana Pender, mikono juu ya magoti, kichwa wazi kwenye jua. Watu waliopita walimkodolea macho.

Hemlata alisimama. Suryakant alimvuta mkono waondoke, naye hakuondoka. Pender alimwona, akainuka. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye paji la uso, ukakuta hakuna kofia ya kugusa, ukashuka.

"Mama," alisema, "sina la kukwambia."

Hemlata alikitazama kile kichwa, yale machubuko ya wembe, zile nywele nyeupe changa. Kwao pia wanaume hunyolewa wakifiwa, hakuhitaji kuelezwa. Buberwa alingoja matusi, na moyoni aliona yangekuwa haki.

"Pole kwa msiba," alisema Hemlata. "Alikuwa nani wako?"

"Ndugu yangu," alisema Pender.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Bukoba kumpa pole. Alikaa tena kwenye benchi, akajifunika uso kwa viganja, akalia mbele ya watu wote, na karani alipotoka mlangoni na kuliita jina lake ilibidi aliite tena.